Sentimita Themanini za Mama Rula

Mama mkubwa wangu ni mbishi. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akikwambia chai haina sukari, ongeza sukari ukae kimya. Usianze kumhesabia vijiko ulivyotia. Marehemu mume wake alikuwa mtu mpole sana, na majirani walikuwa wakisema upole ule hakuzaliwa nao, aliupatia ndani ya ndoa.

Mtaani anaitwa Mama Rula. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake imekuwa moja tu: kusoma kimo cha mto. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni anateremka mtoni, anatazama maji yamefika wapi kwenye kipimo, anaandika kwenye daftari, kisha anapeleka namba hiyo kwa simu kwenye ofisi ya maji. Anaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na penseli inabaki. Ameandika akiwa na homa. Ameandika siku ya harusi yangu: nilimwona kwa macho yangu akichepuka ukumbini na gauni lake la hariri, kandambili mkononi, na aliporudi upindo wa gauni ulikuwa na tope. Gauni hilo nililishona mimi. Nilinuna wiki nzima.

Nchi yetu haijawahi kuelewana na maji. Yakikosekana tunakufa, yakija tunakufa, na hapo katikati tunalima na kuoana. Wakubwa wetu hawataji miaka kwa namba, wanaitaja kwa yaliyotupata. Mama Mkubwa alikuwa na miaka sita katika Mwaka wa Matope, kilima kilipoteremka na mto ukaja nyuma yake, ukachukua nyumba ya babu pamoja na kaka zake wawili waliokuwa wamelala chumba cha nyuma. Mama yangu alikuwa hajazaliwa, kwa hiyo habari ya wajomba zangu hao tunayo kutoka kinywa kimoja tu, na kinywa hicho hakipendi kuisema. Halafu ukaja Mwaka wa Upepo ulioezua shule. Halafu Miaka ya Vumbi.

Kazi yake aliipata katika Miaka ya Vumbi, na hapo ndipo watu hucheka. Mto ulikauka kabisa. Mzee aliyekuwa akisoma kipimo aliacha kazi, akasema hawezi kutembea kila siku kwenda kuandika sifuri, anaonekana mwehu. Wanaume watatu waliitwa, wote wakakataa. Mama Mkubwa alikuwa na miaka ishirini na minne, akasema: "Nipeni mimi." Miezi kumi na tisa aliandika sifuri. Sifuri asubuhi, sifuri jioni. Lakini kwa kuwa mto ulikuwa mtupu, alitembea ndani yake kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Alijua kila jiwe. Alipima kwa utepe ngazi za zege za kinu cha zamani cha kusaga nafaka, zile zinazoshuka mpaka sakafuni mwa mto, akakuta kila ngazi ina sentimita ishirini kamili, na ya kwanza kabisa inaanzia sawasawa na sifuri ya kipimo. Kwa hiyo hata maji yaliporudi, hakuhitaji kipimo kumwambia kitu. Alihesabu ngazi zilizozama. Tano ni mita moja. Kumi ni mita mbili.

Alipokuwa na miaka arobaini na sita ukaja Mwaka wa Mapaa, tunaouita hivyo kwa sababu waliopona walipona juu ya mapaa. Alijua maji yanakuja, namba alikuwa nazo, ila hakuwa na njia ya kuwaambia watu isipokuwa miguu yake. Alikimbia mtaa wa chini akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Alibisha nyumba arobaini. Ya arobaini na moja hakuifikia, maji yalimkata njia. Tulizika watu sitini na mmoja, na kipimo cha zamani, kile cha mbao, kilikwenda na maji.

Serikali ikatutupia jicho. Tulijengewa tuta la udongo na mawe kuuzunguka mtaa wa chini. Tukaletewa king'ora kikubwa, kikafungwa juu ya ofisi ya mtaa, kwenye mwinuko karibu na daraja. Tukaletewa pia kipimo kipya, kibao cha chuma chenye namba nyeusi na mstari mwekundu mmoja, mnene, kwenye mita nne. Maelekezo yalikuwa rahisi: maji yakigusa mstari mwekundu, Mwenyekiti wa mtaa anapiga king'ora, watu wanapanda kilimani. Ilikuwa safi kabisa, kwenye karatasi.

Mhandisi aliyekuja kukifunga kibao hicho alikuwa kijana aliyevaa viatu vyeupe mtoni. Ilikuwa kiangazi, maji haba. Kibao kilitakiwa kukaa kwenye nguzo ya daraja, lakini chini kabisa nguzo hiyo imezungukwa na mkanda wa zege ngumu, na drili ilipojaribu kuitoboa ilivunja meno mawili. Jua kali, mafundi wana njaa. Wakakipandisha kibao kidogo, wakakifunga juu ya ule mkanda, mahali penye zege laini, wakapiga picha, wakaondoka. Jioni ile Mama Mkubwa akateremka na daftari lake. Ngazi sita zilikuwa zimezama, yaani mita moja na ishirini. Kibao kilisema sentimita arobaini.

Akarudi kesho yake. Tofauti themanini. Wiki iliyofuata, themanini. Akaelewa: mto haukuwa umepungua, ni sifuri iliyokuwa imepandishwa. Mstari mwekundu ulisomeka mita nne, lakini maji yangeugusa yakiwa mita nne na themanini, na tuta letu lina mita nne na ishirini. Yaani king'ora kingelia maji yakiwa tayari vitandani mwa watu. Na kwa kuwa tuta liko kona ya pili ya mto, hulioni ukiwa darajani, hakuna aliyeweza kusimama mahali pamoja akaona upuuzi huo kwa macho.

Aliandika barua ofisi ya maji. Akajibiwa: "Kipimo kimehakikiwa na wataalamu. Ahsante kwa ushirikiano wako." Akaandika nyingine, akajibiwa kwa maneno yale yale, hata tarehe nadhani walisahau kubadilisha. Baada ya barua ya nne alinyamaza, na ndugu zangu wakadhani amekata tamaa. Hawamjui. Alipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, akaanza kuandika namba mbili kila mara: kushoto ya kibao, kulia ya ngazi. Miaka kumi na mmoja, asubuhi na jioni.

Mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kuzisikia sentimita hizo. Akija kwangu kupima gauni anazungumza sentimita themanini. Msibani sentimita themanini. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake na hamwogopi, alikuwa akimwambia: "Dada, hata ukifa utaomba kaburi lichimbwe themanini zaidi."

Miaka ilikuwa mikavu, mto haukusumbua. Mara moja tu, miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia, Mwenyekiti alipigiwa simu kutoka mji wa juu kwamba maji yanashuka. Akapiga king'ora papo hapo bila kungoja mstari. Tulikimbia wote, na vyungu vyetu, mpaka kilimani. Maji yakamwagika tambarare huko huko juu, kwetu hayakufika hata tone. Tuliporudi wezi walikuwa wamefagia. Mama yangu aliibiwa jiko la gesi ambalo hata mwezi halikuwa limetimiza. Tangu siku hiyo Mwenyekiti akaitwa Bwana King'ora, watoto wakamwigiza njiani kwa sauti ya pua, na yeye akaapa mbele ya mkutano kwamba hatagusa swichi ile tena mpaka mstari mwekundu ulowe.

Basi ikafika ile Jumatano.

Kwetu jua lilikuwa linawaka. Nguo zimeanikwa, kuku wanachakura, mtu yeyote angesema hakuna siku nzuri kama hii. Ila mvua ilikuwa imenyesha milimani siku tatu, na mto ulikuwa umebadilika rangi tangu asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji, karibu na daraja, napachika zipu. Saa nne na nusu zimepita kidogo nikamwona Mama Mkubwa anakuja. Hakimbii. Anatembea kwa haraka ile ya mtu asiyetaka kuonekana anakimbia, na mkononi ana mfuko wa turubai uliojaa madaftari.

"Funga cherehani," akaniambia. "Beba huu mfuko. Magoti yangu leo nayahitaji."

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Kuna nini?"

"Marahaba. Saa nne zilizama ngazi kumi na saba. Sasa hivi zimezama kumi na nane. Ni mita tatu na sitini, na yanapanda ngazi moja kila nusu saa. Saa sita yatapita juu ya tuta."

"Na kibao kinasemaje?"

"Kibao kinasema mbili na themanini. Kitagusa mwekundu saa saba na nusu." Akaniangalia. "Mtoto wako yuko wapi?"

Alijua yuko wapi. Binti yangu alikuwa darasa la tatu, na shule iko mtaa wa chini, sehemu iliyo chini kuliko zote, kwa sababu ndiko ardhi ilikokuwa ya bure. Watoto mia nne na kumi na wawili.  Nikaacha zipu inaning'inia, nikabeba mfuko.

Ofisi ya maji alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Waliokuwepo walisema mkubwa yuko kikaoni. Kwa hiyo tukaenda kwa Mwenyekiti. Tulimkuta mezani, na nitamtendea haki: alisimama, akamvutia Mama Mkubwa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akashusha pumzi.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini mstari umelowa?"

"Mstari uko juu mno. Nimewaambia miaka kumi na mmoja."

"Na ofisi ya maji imekujibu mara ngapi? Barua nimeziona." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye jua. "Nikiwakimbiza watu leo, na hali ya hewa hii, halafu maji yasije? Siku nyingine yakija kweli hakuna atakayeinuka. Watakaa wacheke, wafe wakicheka."

Nikamwambia, "Bwana Mwenyekiti, mwanangu yuko kule chini!"

"Na wangu wawili wako kule," akasema. "Nitakwenda darajani sasa hivi nikasimame hapo hapo. Mstari ukilowa, sitachelewa hata dakika."

Mimi nilitaka kumrukia. Mama Mkubwa alinishika mkono akanitoa nje. Nilidhani atalia au atalaani, kumbe alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Saa tano kasoro tano," akasema. "Milango nishaijaribu. Ile mara nyingine nilibisha arobaini. Leo sibishi mlango hata mmoja. Twende shule."

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajapewa ofisi, na watoto walimwita Onyesha Njia. Sababu ni kwamba ukimpelekea jibu, hata likiwa sahihi kabisa, alikuwa akikurudisha: onyesha njia. Tulimkuta akisahihisha madaftari, miwani iko kwenye ncha ya pua. Mama Mkubwa hakukaa. Alisema yote kwa sentensi tano, bila kutia chumvi, kama anavyosoma namba kwenye simu.

Mwalimu akavua miwani. "Mwaka juzi niliwaruhusu watoto kwa king'ora cha uongo, nikaandikiwa barua ya onyo. Leo hata king'ora hakipo. Mama, nionyeshe njia."

Nadhani ni watu wachache sana duniani waliowahi kusubiri swali hilo kwa miaka kumi na mmoja. Alichukua mfuko mikononi mwangu, akaumwaga juu ya meza. Madaftari yakatawanyika, mengine yamevimba kwa unyevu, mengine yana alama za vidole vya tope.

"Chagua lolote," akasema. "Fungua popote."

Mwalimu akafungua moja. Akasoma kushoto, akasoma kulia, midomo ikicheza. Akafungua jingine, la miaka sita nyuma. Jingine, la masika. Jingine, la kiangazi. Nilitaka kupiga kelele, maana saa ya ukutani ilikuwa inatembea na mimi naisikia. Akafungua la tano, akalifunga taratibu.

"Themanini," akasema. "Themanini kila mahali. Mtu akikosea kusoma, leo atakosea tatu, kesho atakosea kumi. Kosa lisilobadilika si la mtu, ni la chombo." Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Tuna muda gani?"

"Mpaka saa sita. Sasa ni saa tano na dakika kumi."

"Njia ya nyuma, robo saa tuko kilimani."

"Hapana," akasema Mama Mkubwa. "Wapitishe barabara ya katikati."

"Hiyo ni ndefu zaidi!"

"Kwa dakika kumi. Wapitishe katikati, tena waimbe. Wazazi hawatanisikiliza mimi wala wewe, wameshaibiwa majiko. Ila nionyeshe mama atakayemwona mwanawe anapita mlangoni saa za masomo, anaelekea kilimani, halafu abaki ndani."

Mwalimu mkuu akatoka mbio akaishika kengele mwenyewe.

Nimeona maandamano mengi maishani, ya kisiasa na ya harusi, ila sijaona kama yale. Darasa la saba waliwashika mkono darasa la kwanza, mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Walimu kando. Nyimbo za kufaa hazikukumbukwa haraka, basi mwalimu mkuu akaanzisha jedwali la kuzidisha, na watoto mia nne wakaingia barabara ya katikati wakipaaza sauti kwamba sita mara saba ni arobaini na mbili. Mbele kabisa alitembea Mama Mkubwa na mfuko wake mtupu begani, kichwa juu.

Mlango wa kwanza ukafunguka, mwanamke akatoka na mwiko mkononi. "Nyie! Mnaenda wapi? Mbona mmetoka?" Walimu walikuwa wameagizwa wasijibu kitu, watembee tu. Yule mwanamke akamwona mwanawe, akamwita, mtoto akapunga mkono akaendelea na sita mara nane. Mwanamke akatazama kilima, akatazama upande wa mto, akarudi ndani. Alipotoka alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na sufuria kichwani. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Kufika nyumba ya kumi hakukuwa na haja ya kuhesabu tena, milango ilikuwa inafunguka pande zote mbili mbele yetu kabla hatujafika. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na kitambaa bado shingoni. Wagonjwa wakapakiwa kwenye mikokoteni. Mzee mmoja alikuwa akitukana njia nzima, anasema huu ni wazimu wa serikali, lakini alikuwa anatukana huku anatembea.

Mama yangu tulimkuta amekaa kizingitini, mikono kifuani. Dada yake akasimama mbele yake.

"Inuka."

"Siinuki. Nilikimbia siku ile nikaibiwa jiko."

"Nitakununulia jiko. Inuka."

"Utaninunulia na nini? Na sentimita?"

Sijui mabishano hayo yangeisha saa ngapi, maana wote wawili wametoka tumbo moja. Binti yangu ndiye aliyetoka kwenye mstari, akamshika bibi yake mkono akaanza kumvuta, anavuta kwa nguvu zake zote za darasa la tatu, macho yamejaa machozi. Mama yangu akainuka shingo upande. Hata mlango hakufunga.

Wa mwisho walifika kilimani saa sita kasoro dakika tano. Saa sita na dakika saba maji yakapita juu ya tuta. Tuliyaona wote kutoka kule juu. Kwanza yalikuwa utepe mwembamba unaong'aa juani, mtu angesema kitu cha kupendeza. Halafu kipande cha tuta kikaondoka, na mtaa wetu ukaanza kuingia ndani ya mto. Kuta za shule zilikwenda kabla ya adhuhuri kuisha. Kibanda changu nilikiona kinageuka mara mbili kisha sikukiona tena. Nyumba mia mbili na kumi na nne. Watu walilia, na mimi nililia, sitasema uongo. Cherehani ile nilikuwa nayo tangu nikiwa msichana.

Saa saba na dakika thelathini na tano, king'ora kikalia. Kililia kwa nguvu, kwa uaminifu, juu ya mtaa ambao haukuwa na mtu hata mmoja wa kukisikia. Hapo ndipo kilima kizima kiligeuka kumtazama Mama Rula.  Mzee yule wa matusi alivua kofia.

Mhandisi alirudi miezi miwili baadaye, safari hii na mabuti. Alipima mara tatu, akapata themanini mara tatu, akamsalimia Mama Mkubwa kwa adabu ambayo watu humwekea mkwe, na kibao kikashushwa mahali pake, hata kama ilibidi drili tatu zife. Naye Mwenyekiti alifika kilimani siku ile ile, amezunguka njia ya juu, amelowa mpaka kiunoni. Aliwakuta wanawe wamekaa na wenzao wanakula biskuti. Aliwashika vichwa mmoja mmoja, kisha akaja akapiga magoti mbele ya Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa akamwinua, akamwambia kosa si lake, yeye alikitii kibao. Mama Mkubwa alimsamehe. Mimi bado nalifikiria jambo hilo, ingawa mashati yake nashona.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na majina. Mwalimu mkuu alikuwa amebeba rejista za madarasa yote kifuani, hakubeba kitu kingine, hata miwani aliiacha. Akaanza kuita darasa kwa darasa huku ameisogeza karatasi mbali na uso. "Nipo!" "Nipo!"  Ukitaka kujua watoto mia nne na kumi na wawili ni wengi kiasi gani, subiri uwasikie mmoja mmoja huku mto unanguruma chini yako. Kwenye darasa la kwanza jina moja halikuitikiwa. Akarudia. Kimya. Nilimwona Mama Mkubwa anashika kifua. Mwalimu akarudia mara ya tatu, sauti imepasuka, na fundi baiskeli mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akasema kwa haya, "Jamani, huyu niliyembeba si ndiye? Amelala."

Alikuwa ndiye. Alipoamshwa alisema "nipo" na akalala tena.

Mia nne na kumi na wawili. Viongozi wa mtaa nao wakahesabu watu wao, nyumba kwa nyumba, mpaka ya mwisho, na Mwenyekiti alipofika hesabu ikatimia. Hakuna aliyekosekana. Mwaka wa Matope ulichukua watu, Mwaka wa Mapaa ulichukua watu, na safari hii, maji makubwa kuliko yote, hakuna.

Mama Mkubwa aliinuka. Nilimfuata, nikidhani anatafuta mahali pa kulia. Alikwenda mpaka ukingoni mwa kilima, mahali ambapo maji yanaonekana yote, akasimama na mikono kiunoni. Miaka thelathini na mitatu alikuwa ameupima mto ule asubuhi na jioni na sikuwahi kumsikia akizungumza nao. Sasa alivuta pumzi, akaupigia kelele kama mtu anayemgombeza jirani juu ya ua:

"Leo umekosa! Unasikia? Umekosa! Hata mmoja hukupata!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka. Mama yangu akaja akasimama kando yake, akamshika mkono, naye akapaaza sauti: "Umekosa!" Halafu binti yangu. Halafu darasa la tatu lote, halafu shule, walimu, kinyozi na yule mteja wake wa nusu kichwa, Mwenyekiti na suruali yake inayochuruzika, kilima kizima kinaupigia mto kelele mchana kweupe kwamba umekosa. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikaondoka. Siku tatu nilizungumza na watu kwa ishara, na sikujali hata kidogo.